Koti Langu Limenichongea

Nimeaibika leo, tena mbele ya mkwe. Sijalewa, sijaanguka, sijafumaniwa. Nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti, nimevaa koti, natazama filamu.

Naandika kwa kidole kimoja hapa Mwisenge, Musoma, nyumbani kwa binti yangu Sabina. Nimejifungia chumba cha wageni. Wameniita chai mara mbili. Chai nitainywa wakimaliza kucheka. Nimeona afadhali nyinyi wa kikundi hiki mlisikie kwangu mwenyewe, kabla hamjaletewa na wenye kutia chumvi.

Mnanijua. Mzee Magesa wa Butiama, fundi wa kuchora kuta kwa udongo. Yule nyati wa Kabasa, pale Bunda, kwenye ukuta wa mgahawa, ambaye watu wanapigaga naye picha, chini kulia kumeandikwa FUNDI MAGESA. Hilo jina nimeliandika mimi, kwa mkono wangu. Sikusaidiwa. (Nyati alichorwa na mke wangu. Lakini tusikimbilie huko, tutafika.)

Mwaka jana akaja binti mmoja na kamera, anaitwa Neema, wa hapa mjini. Akasema, "Babu, tunatengeneza filamu ya maisha ya msanii wa Butiama." Akanitazama usoni. Mimi nikafunga vifungo vya koti. Nyinyi mngefanyaje? Mtu anakutazama wewe, anatamka msanii, mkeo yuko kule nyuma anaponda udongo. Jina hakutaja. Mimi sikuuliza. Ningeuliza ya nini wakati jibu limesimama hapo limevaa koti?

Siku tatu nilisema. Nilianzia kwa babu yangu, nikapita mwaka wa njaa, nikaeleza na habari za ng'ombe wetu mmoja aliyekuwa anafunguaga mlango kwa pembe. (Huyo ng'ombe hawakumweka kabisa, na ndiye habari nzuri kuliko zote.) Kila asubuhi Neema alinibana kwenye ukosi wa koti kidude cheusi, kidogo kama punje ya kunde. Akasema ni cha kunasa sauti. Nikasema sawa. Kitu kama kunde kitanasa nini.

Leo ndiyo wameionyesha, ukumbi wa parokia, Kigera, saa nane mchana. Watu niliwaalika mwenyewe. Wanakwaya wenzangu, ndugu wa Bunda, na mkwe wangu, mume wa Sabina, ambaye kwa heshima iliyopo kati yetu hatukaagi hata benchi moja. Asubuhi nilimwambia mke wangu Nyangeta, "Mama Sabina, leo utamwona mumeo ukutani, mkubwa kama mlango."

Akasema, "Haya." Akavaa kitenge chake cha Pasaka. Ningejiuliza kwa nini cha Pasaka. Sikujiuliza, nilikuwa napiga viatu rangi.

Tukakaa mbele. Wakafunga madirisha kwa mablanketi, padri akasali kwa kifupi, picha ikawaka kwenye shuka jeupe. Na kweli nikatokea mimi, nimekaa chini ya dirisha langu, nasema. Nikageuka kidogo ili wa nyuma wahakikishe ni mimi. Niliporudisha macho, uso wangu ulikuwa umeanza kufifia. Nikadhani mashine imeharibika.

"Mjukuu wangu, rekebisha hapo, sionekani," nikamwambia Neema.

"Ndivyo ilivyo, Babu."

Nyuma ya bega langu, Nyangeta kachuchumaa anaponda udongo mwekundu. Anaonekana mpaka kucha. Picha iliyofuata, hivyo hivyo. Mimi ukungu, yeye kucha. Kumbe siku zote tatu nilikuwa nawasimulia watu wanaotazama nyuma yangu. Sasa niambieni, hayo ni malezi? Mtu mzima anakueleza mambo ya babu yake, wewe macho yako yako kwa mkewe na ndoo ya udongo.

Halafu wakaingia vijana wa kuigiza ujana wetu. Msichana aliyekuwa Nyangeta ni mzuri, sina neno. Kijana aliyekuwa mimi ana miguu ya korongo na meno mengi. Na kazi yake ni moja tu. Msichana anachora ukuta mpaka jasho linamtoka, akimaliza, huyu anaingia na brashi, anaandika FUNDI MAGESA chini kulia, anatoka kwenda kupokea mikono ya watu. Mara ya kwanza ukumbi ulikaa kimya. Mara ya tatu wakaanza kumzomea. Mara ya nne, ndugu zangu, sitawaficha, nilimzomea na mimi. Nilimchukia yule kijana kutoka moyoni.

"Mtazame mwizi huyo," nikasema.

Mama Sabina akanitazama kwanza mimi, halafu akarudisha macho kwenye shuka.

Hapo ndipo koti likaanza kusema. Kwenye picha hakuna mtu, ni uwanja wangu wa nyuma na kuku wawili. Sauti ikatoka, nikaijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mama Sabina. Wee Mama Sabina. Ile nyeusi unachanganyaga na nini isitoke na mvua? Huyu mtoto ataniuliza."

"Masizi na maji ya mlenda."

"Mlenda huu wa kula?"

"Huo huo."

"Na nyati, unaanzaga na jicho lipi?"

"La kushoto. Miaka yote hii hujaona?"

"Nimeona, nilikuwa nakupima. Sasa sikiliza, hawa wakimaliza wasikae. Zile furu za jana usizitoe, nitakula wakishaondoka."

Kile kidude! Nilikuwa nimeingia nacho jikoni. Mimi nilijua kamera ikigeuzwa na kidude kinalala.

Halafu, bila huruma, wakaniweka mimi, safari hii sina ukungu hata kidogo, vifungo vyote vimefungwa: "Rangi nyeusi ni siri niliyoachiwa na marehemu babu yangu. Ni masizi na maziwa ya mtindi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwanakwaya mmoja wa sauti ya nne, ambaye mimi ndiye niliyemlipia nauli, alikuwa anapiga magoti ya jirani yake kwa viganja. Padri alitoa leso akajifanya anakohoa. Mkwe wangu aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Na Neema, ambaye kumbe siku zile tatu zote alijua habari ya furu, samaki wenyewe wadogo kama kidole, na akaendelea kuniita Babu, alikuwa anaandika kitu kwenye daftari.

Hasira ikanipanda. Sasa sikilizeni, makosa ninayo, lakini jikoni kwangu ni kwangu. Koti ni langu, nililinunua mwenyewe Bunda. Unawezaje kulituma koti la mtu likampeleleze mwenyewe? Nikasimama.

"Zima," nikasema. "Zima hicho kitu. Hayo ni maneno ya ndani."

Hakuna aliyezima. Ile taa ya picha ikanipiga mgongoni, kivuli changu kikapanda kwenye shuka, kichwa na masikio. Mama mmoja akasema kutoka nyuma, taratibu, wala hakuwa na ubaya, "Mzee wangu, kaa kidogo. Unamziba Mama."

Nikainua macho. Kweli. Nyangeta alikuwa pale juu ya ngazi anachora jicho la nyati, la kushoto, na kichwa changu kimekaa juu yake chote kama sufuria.

Nikakaa. Mnadhani yaliishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Mwishoni wakamleta Nyangeta peke yake, amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia umewekwa mapajani. Ule mkono wake haunyooki vizuri. Sauti ya Neema ikamuuliza, "Bibi, hapa ulifanyaje?"

"Nilianguka."

"Wapi?"

"Kisimani."

"Na Babu, kwenye kuchora, alikuwa anasaidia nini?"

Akafikiri sana. Nikashika kiti kwa mikono miwili. Baada ya mambo ya mlenda na furu, mwanamke huyu angesema neno moja tu, ningerudi Butiama kwa miguu.

"Ngazi," akasema. "Alikuwa ananishikiaga ngazi."

Ikaisha. Majina yakaanza kupanda kwenye shuka. Msanii: Nyangeta. Kamera: fulani. Katikati kabisa, kwa herufi kubwa kama za wengine: Mshika ngazi, Mzee Magesa. Watu wakapiga makofi, tena ya kweli. Mkwe wangu akasimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, akainama. "Hongera, Baba. Kushika ngazi si kazi ndogo."

Nikaitikia, "Asante." Neno hilo nimelipata kwa shida.

Maana sasa niwaambie, kwa kuwa nimeshaaibika na haiwezi kuzidi. Kisimani hakuanguka mtu. Alianguka Kabasa, kwenye nyati. Ile ngazi niliifunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha, nikaenda mgahawani kunywa chai na kuwaeleza watu jinsi ninavyochora nyati. Nilisikia kishindo nikatoka na kikombe mkononi. Jicho la kulia alikuja kulimalizia kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana limekaa kama linasinzia. Watu wakiniulizaga, nilikuwa nawaambia ndiyo mtindo wangu.

Tumerudi kwa miguu, yeye mbele. Tulipofika Mwisenge, nje ya duka la vocha, nikamuuliza, "Mama Sabina, kwa nini umewaambia kisimani?"

"Ulitaka niseme wapi?"

Tumetembea. Akasema, "Padri anataka ukuta wa mbele wa ukumbi. Tunaanza Jumatatu."

"Tunaanza?"

"Ni mrefu ule, Baba Sabina. Mkono wangu unauona."

Nimeuona. Filamu yake sina ugomvi nayo tena, ingawa yule korongo bado sijamsamehe. Basi Jumatatu mkipita Kigera, mtanikuta chini ya ngazi. Msinipungie. Sitaweza kuwajibu, mikono yote miwili itakuwa na kazi.