Betri Yangu Haina Adabu

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Aibu! Pikapu imekataa kuwaka mbele ya msikiti, watu wote wakitoka kuswali adhuhuri. Ikatoa "tik" moja, ikanyamaza. Na nani akawa wa kwanza kuja kusukuma? Mustafe, binamu yangu, mwenye lile gari ambalo milango yake inashikiliwa na kamba. Akaniuliza kwa upole kama taa nyekundu ya betri imekuwa ikiwaka. Kwa upole! Makusudi kabisa. Nikamjibu kwamba inawaka wiki nzima na haijamdhuru mtu.

Anajua Jumatano ni siku yangu ya majaribio. Eddo Nurto, mkuu wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia kule Bura, anatafuta gari la kuleta maziwa Garissa kila asubuhi. Mustafe anaitaka kazi hiyo. Mimi nina friji nyuma ya pikapu, taa kubwa nne, na spika ya kutangazia maziwa. Yeye ana nini? Magunia yaliyoloweshwa maji ya kupozea madumu!

Nikampelekea muuza betri betri yake, nimefura. Akaipima, akasema ni nzima ila haina chaji. Oltaneta, ile mashine ya kuchaji betri gari likiwaka, ndiyo haiilishi. Nimelalamikia betri, ananitukania oltaneta!

Jumapili, 9 Novemba

Kwa Iftin, fundi wa umeme wa magari. Amepima injini ikinguruma: volti kumi na mbili, tena zinashuka. Yeye anataka kumi na nne. Eti mkanda unaozungusha oltaneta umelegea, unateleza. Ataukaza sasa hivi. Lakini friji, taa na spika vitoke, oltaneta ni ndogo, haiwezi kuvibeba vyote.

Nitoe friji! Huyu ametumwa na Mustafe. Nimeondoka bila kuaga.

Jumatatu, 10 Novemba

Kadar kinyozi ana kaka aliyewahi kuendesha lori mpaka Banissa, kwa hiyo magari anayajua. Amenipa kipimo cha bure: injini ikiwa inanguruma, chomoa waya wa betri. Gari lisipozima, oltaneta ni nzima.

Nikachomoa. Halikuzima! Nikapiga kelele za ushindi. Kisha ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Taa za mbele zikang'aa kama jua, zikafa. Kadar akakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

Jumanne, 11 Novemba

Tatizo la taa nyekundu limekwisha. Nimeibandika plasta.

Nimechukua pia betri ya sola ya nyumbani, iwe ya akiba. Mke wangu Ruqiya akauliza kwa nini feni imesimama. Nikamwambia jua ni haba. Ilikuwa saa saba mchana.

Jumatano, 12 Novemba

Bura. Eddo Nurto mwenyewe amepakia madumu, akinikumbusha kwamba maziwa haya ndiyo yanayowasomesha watoto wa nyumba nyingi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Katikati ya njia spika ikapotea sauti. Friji ikafa. Injini ikafa. Nikafunga betri ya sola. Tukajikokota kidogo, nayo ikafa. Jua kali, madumu yanapata moto, na mimi barabarani nikimlaani kila aliyewahi kugusa waya. Wallahi niliogopa. Niliwawaza wale wanawake waliokamua kabla ya alfajiri.

Mustafe akatokea. Nani alimwita? Ruqiya, baada ya kugundua betri ya sola haipo! Akahamisha madumu, akayafunika kwa magunia yake mabichi, akanifunga kamba nyuma. Nikaingia Garissa nikivutwa, nikipungia watu mkono kana kwamba nimependa. Maziwa yakafika salama, ila dumu moja lililoharibika. Lile pekee lililoenea ndani ya friji.

Alhamisi, 13 Novemba

Eddo Nurto amepiga simu. Kazi kapewa Mustafe! Nikamweleza hujuma yote: muuza betri, Iftin, Kadar, mke wangu. Akasikiliza mpaka mwisho. "Warya Olow," akasema, "maziwa hayangoji hasira zako zipoe." Kisha akaniombea dua. Dua! Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 15 Novemba

Iftin amefunga oltaneta nyingine na mkanda mpya. Volti kumi na nne na ushee. Amenisihi nisiongeze kitu chochote. Mustafe naye kaja, anaomba nimsaidie siku za maziwa mengi. Nimekubali, ili nimchunguze.

Lakini nimepiga hesabu. Betri ni ya volti kumi na mbili. Oltaneta inatoa kumi na nne. Volti mbili nzima zinamwagika bure, na fundi kaninyamazia! Kwa hiyo mimi na Kadar tumefungua kibanda cha kinyozi juu ya pikapu, hapa soko la mifugo: mashine mbili za kunyolea, feni ya wateja, na muziki. Mteja wa kwanza ni mzee mmoja mwenye ngamia wengi, na tumeshamnyoa upande wa kushoto.

Mashine zimenyamaza kidogo. Zinapumzika tu. Mzee ndiye hana subira.