Friji Isiyo na Mwenyewe

Serikali ilipotangaza kwamba itaung'oa umaskini wa watoto na familia kwa njia ya ubia, wengi walipiga miayo. Mdau alipiga hesabu. Aliitwa Mdau kwa sababu alimwita kila mtu mdau, hata askari aliyewahi kumfunga pingu.

Mtaa ule ulipewa nafasi kumi tu za msaada. Kamati ya mtaa, chini ya mama mwenye nyumba, ikakaa, ikanywa soda za semina, ikalikata jina la dobi, mama wa watoto watatu wanaoshindia uji, kisha ikajiandika yenyewe. Muuza nyama, mwenye tumbo la miezi tisa, akaapa kwamba hana kitu. Aibu hawakuwa nayo, na wala hawakuitafuta.

"Wadau," Mdau akawaambia, kitambulisho alichojichapia mwenyewe kikining'inia shingoni, "afisa ustawi anakuja Jumatatu kukagua vyumba. Akikuta friji, mnaenda ndani. Si mmetia dole gumba kwamba hamna?"

"Sasa friji yangu niimeze?" mama mwenye nyumba akauliza.

"Mama yangu, mimi nipo kwa ajili gani? Tunavificha vyote kwa dobi. Jina lake mmelikata, nani atahangaika kumkagua?"

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Jumapili mchana wakabeba wenyewe, jasho likiwatoka: friji mbili, televisheni tatu, makochi, mashine ya kusagia nyama. Chumba cha dobi kikajaa hadi dari. Mdau alikuwa ameshakodi lori la saa tatu asubuhi. Wakati wenzake wamekaa sakafuni wakijifunza kuonekana na njaa, yeye angekuwa mji mwingine akitafuta wateja.

"Na wanangu walale wapi?" dobi akauliza.

"Vumilia, dada. Kesho tu vinaondoka."

"Haya, kaka." Dobi hakuuliza zaidi. Anayekufulia nguo anakujua kuliko mkeo, na shati la Mdau, lenye risiti ya lori mfukoni, lilikuwa limeshamweleza mengi.

Kulipokucha dobi alikuwa kwenye lango la ofisi ya ustawi, na saa tatu kasoro akarudi na afisa mwenyewe, askari mmoja na mpiga picha. Afisa akachungulia chumbani.

"Mama, umesema huna hata godoro. Friji mbili hizi?"

"Si zangu. Waulize hao wanaokuja mbio."

Kamati nzima ilikuwa imefika, imevaa matambara. Afisa akafungua faili.

"Friji hii ni yako, mama?"

Mama mwenye nyumba akaitazama friji yake. Akatazama fomu, dole gumba lake likiwa chini ya maneno kuhusu kifungo.

"Yangu? Mimi hata barafu naisikia kwa watu."

Muuza nyama naye akaulizwa kuhusu mashine. Akaizunguka mara mbili. "Hii? Ni ya kushonea?"

"Na hii nyumba je?" dobi akadakia. "Mwulizeni mama, nyumba ni ya nani?"

Mama mwenye nyumba akainua macho kuitazama nyumba. Friji mtu huweza kuikana. Nyumba ya vyumba kumi na viwili ina wapangaji, na wote walikuwa madirishani wakisubiri jibu.

"Ni... yangu," akanong'ona. Afisa akalifuta jina lake, akaandika la dobi mahali pale pale.

Mdau, aliyekuwa amefika kulipokea lori lake, akaona mwanya. "Mheshimiwa, mali hii ni ya shirika langu, mbia wa serikali. Nilikuwa naihamisha." Nje lori likapiga honi.

Uso wa afisa ukachanua. "Mbia! Kumbe ni mchango wako kwa watoto, na usafiri umeshaulipia! Wenzako hutuletea hotuba tu. Tia saini hapa. Vyote vinakwenda zahanati na shule ya chekechea."

Askari alikuwa amekishika kile kitambulisho, akikisoma taratibu. Mdau akatia saini upesi.

Makochi yalipopakiwa, kamati ikapangwa mbele ya lori kwa picha ya ripoti, chini ya bango la ubia. Dobi hakuwemo, alikuwa ndani akifagia chumba chake. Mama mwenye nyumba alipiga makofi kama alivyoagizwa, machozi yakimtiririka.

"Hivyo hivyo, mama," mpiga picha akamwambia. "Wafadhili wanapenda sana mtu aliyeguswa."