Matone ya Yeyo

Jumatatu, 8 Septemba

Yeyo ameuona Mlima Meru! Mama yangu, ambaye kwa miaka amekuwa akinitambua kwa kikohozi, leo asubuhi alitoka barazani, akainua uso. Ukungu ulikuwa umeondoka wote. Mlima mzima, mpaka kileleni. Akasema kumbe Mungu hakuusogeza hata kidogo. Kisha akanigeukia, akaniangalia sana, akasema nimezeeka.

Ni kazi ya Dk. Agnela wa mjini, aliyemtoa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Pamoja na kichupa cha matone. Alinipa maelekezo: ninawe mikono, nitikise, ncha isiguse jicho, tupunguze kidogo kidogo kwa ratiba yake, tusiache ghafla, nisimpe mtu mwingine. Nusu niliisikia. Nusu nyingine nilikuwa naishangaa mashine yake yenye taa.

Mimi nina shida zangu. Mzee Kisioki, anayeendesha mnada wa sadaka kanisani, sauti imemwishia. Mchungaji anatafuta mrithi wa kunadi mayai, ndizi na majogoo baada ya ibada. Ni mimi! Nani mwingine? Lakini Elihuruma, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anawaambia watu kuwa wekundu wa macho yangu ni wa mbege. Ni vumbi la mahindi! Hata kondoo dume wangu anatoka machozi jicho moja, na yeye hajawahi kuonja pombe.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeyajaribu mwenyewe matone yake. Tone moja kila jicho. Yeyo nilimtia kwanza, maana mimi si mwizi. Ncha iligusa kope zangu kidogo, nikaifuta kwa shati.

Jioni nikachukua kioo. Ajabu! Macho meupe kama ya mtoto mchanga. Tone dogo kuliko chozi! Nilikaa mbele ya kioo mpaka ugali ukapoa. Loishiye, nikajiambia, kumbe ulikuwa mzuri hivi na hukuambiwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Kichupa kinakwisha. Nimepiga hesabu zangu. Yeyo leo amewahesabu mbuzi wa jirani ng'ambo ya bonde, akaniambia mmoja anachechemea. Nikavuka kwenda kuhakikisha. Anachechemea kweli! Mtu anayeona hivyo ana haja gani ya dawa? Isitoshe, daktari mwenyewe alisema tupunguze. Mimi nimepunguza kwa mkupuo. Tangu jana hapati hata tone.

Akauliza mbona simtii. Nikasema daktari amebadilisha ratiba. Akaniamini hapo hapo. Iliniuma, kisha nikajitazama kwenye kioo, maumivu yakapoa.

Jumapili, 14 Septemba

Mchungaji alinipa jogoo nimnadi kwa majaribio. Nilisimama juu ya benchi, nikayafungua macho yangu yote mawili, nikaanza. Sauti sijui ilitoka wapi. Kina mama walishangilia. Hata Mzee Kisioki alipiga makofi. Nilijiona niko kileleni.

Mwisho nani kamnunua? Elihuruma! Na hakumpeleka kwake. Alimbeba mpaka kwa Yeyo, akamsalimia shikamoo kwa adabu zote, akamkabidhi mbele ya usharika mzima, eti ni zawadi ya jicho lake jipya. Vigelegele! Jogoo wangu, makofi ya kwake.

Yeyo akanyoosha mikono ampokee, kisha akafunika jicho kwa kanga. Mwanga unamchoma, alisema. Nikamfunua nikatazama. Jekundu. Jekundu kuliko langu lilivyokuwa. Nikamwelekeza mlimani, nikamuuliza anaona nini. Akasema ukungu umeshuka.

Hapakuwa na ukungu.

Jumatatu, 15 Septemba

Mjini alfajiri. Njiani Yeyo alinishika mkono muda wote. Nilidhani ananionyesha upendo. Kumbe alikuwa haoni mashimo.

Dk. Agnela alimchunguza, akaomba kichupa. Akakitikisa. Kikavu. Akauliza kimekwishaje mapema hivi. Nikasema kilivuja. Akanitazama usoni, akasema aliniona siku ile na macho mekundu kama pilipili, leo yametakata, na kichupa kimevuja, basi labda kilivujia humo. Akaniamuru nikae kwenye mashine.

Niliungama yote. Yeyo akasikia yote.

Daktari akaeleza taratibu, na safari hii nilisikia mpaka mwisho. Dawa ile hutuliza jicho lililopasuliwa. Ukiikata ghafla, uvimbe wa ndani hurudi kwa hasira. Langu mimi liliondolewa wekundu bila mtu kujua chanzo chake. Kama chanzo kingekuwa vijidudu, dawa ingewaficha huku wakila jicho. Zaidi ya hapo, hupandisha presha ya jicho. Haiumi, hujui kitu, na uoni unaopotea kwa presha hiyo haurudi. Akanipima. Yangu imeshaanza kupanda. Niache leo hii, nirudi kupimwa tena.

Nikauliza la Yeyo. Akasema tumewahi, ila kidogo tu. Anaanza matone upya, kichupa kipya, ratiba ile ile. Niliogopa. Mlima ule nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu ili nimnadi jogoo.

Jumamosi, 20 Septemba

Wiki nzima nimenawa mikono kama mpishi wa harusi. Nimetikisa. Ncha haijagusa kitu. Macho yangu yamerudi mekundu na sijali.

Leo asubuhi Yeyo akaniita barazani. Akanyoosha kidole, akanionyesha mahali msitu unapoisha na mawe yanapoanza, na mstari mwembamba wa moshi, mtu anachoma mkaa kinyume cha sheria. Mimi nimezaliwa hapa Olmotonyi na sikuwahi kuona mahali msitu unapoisha. Tulisimama pale. Nililia, Yeyo akasema nisiyafikiche.

Nimeapa. Sitagusa tone la mtu tena maishani.

Jumapili, 21 Septemba

Mnada amepewa Elihuruma. Sawa. Nimeshapata njia. Jumapili ijayo nitatoa kondoo dume wangu, mnono, asiye na ila, na Elihuruma atalazimika kulitangaza jina langu kwa sauti yake mwenyewe, mara tatu! Kasoro ni lile jicho linalotoka machozi. Daktari alikataza kumpa mtu mwingine. Kondoo hakutajwa. Ibada nzima nimelifikiria jambo hilo, sikuona kosa.

Kichupa nimekitoa kabatini. Yeyo yuko barazani, ng'ambo ya shamba la migomba, ameelekeza uso mlimani. Mbali mno. Naandika nikiwa zizini, nimekaa juu ya ndoo, kondoo nimembana kwa magoti. Tone moja tu.

Nimesikia naitwa kutoka barazani. Jina langu lote, pamoja na la ubatizo. Anasema nirudishe kichupa chake, na kwamba hata mikono sijanawa.

Nitasubiri ukungu ushuke.