Viberiti Viwili vya Mawe

Jumatatu, 4 Machi
Jiwe la figo limetoka! Chooni, ndani ya chujio la chai. Mama watoto ameapa chujio hilo halirudi jikoni. Dogo kama punje ya mchele. Uchungu, tofali zima! Shemeji, kaka wa mke wangu anayeishi kwetu, alipata lake jana. Daktari anataka yote yapimwe. Jiwe la oksaleti, alisema, huchochewa na mchicha na karanga. La asidi ya yuriki, nyama na maini. Nimeyatia katika viberiti viwili, nikabandika majina, kama tufanyavyo na skrubu ghalani.

Jumanne, 5 Machi
Nimepiga hesabu. Mimi maini, mara tatu kwa wiki. Shemeji karanga, tangu alfajiri, kama panya. Basi langu ni la yuriki. Ninyimwe maini? Thubutu! Nimebadilisha lebo kabla ya kupeleka. Shemeji akinyimwa, atazoea. Mgeni hachagui.

Ijumaa, 8 Machi
Majibu. Jiwe lenye jina langu: asidi ya yuriki! Sielewi. Nimesoma karatasi mara nne. Kumbe hilo ni la shemeji. Langu lilikuwa la oksaleti, na maini yalikuwa halali yangu! Nimejipora mwenyewe. Mama watoto amenipikia mchicha sufuria nzima. Shemeji kapewa maini yangu. Kaniambia pole sana shemeji, ni matamu kweli, kisha kaomba limau. Nilitaka kukiri. Nikamtazama mke wangu. Nikala mchicha.

Jumatano, 19 Juni
Maumivu yamerudi. Nimetambaa hadi kliniki. Nani kajikunja kwenye benchi? Shemeji! Daktari kakuna kichwa, kasema hajaona mawe mabishi hivi, tunafuata masharti na bado yanaota. Yapimwe upya. Yakiota tena, ni kisu. Mama watoto kasema akili nyingi huondoa maarifa. Kanitazama mimi. Kwa nini mimi?

Alhamisi, 20 Juni
Mawe mawili tena, viberiti viwili, lebo sahihi. Nina uhakika langu ni la oksaleti. Nilikuwa karibu kutoka nikasita. Machi pia nilikuwa na uhakika, na nilikosea. Leo nina uhakika uleule. Kwa hiyo nakosea tena, langu ni la yuriki! Bahati nimegundua mapema.
Nimebadilisha lebo. Safari hii kwa gundi.