Mtihani wa Daktari Thabit

Kila asubuhi Sleyum alikwenda kukaa barazani mwa ofisi ya serikali, Maskati, wanakopanga foleni Waarabu wa Unguja waliorudi makwao kutafuta kazi. Yeye hakutaka kazi, Mungu apishe mbali. Alikwenda kutazama watu wenye shida.

Siku moja ya Oktoba, mwaka wa sabini, alimsikia mzee mmoja wa suti akigombana na karani.

"Miaka ishirini na mbili nimetibu wagonjwa wa akili Unguja, leo waniandika daktari wa homa?"

"Cheti cha ubingwa, Daktari Thabit. Bila ya cheti, homa."

Mzee akatoka, macho yamemwiva. Sleyum akamsikitikia kwa moyo wake wote. Na Sleyum akikusikitikia, shika mfuko wako.

"Daktari, shikamoo. Hawakukwambia habari ya Njia ya Pili?"

"Njia gani hiyo?"

"Ya madaktari wazoefu. Hapana kwenda Londoni, hapana mtihani. Kamati inatazama miaka uliyofanya kazi, inakutia daftarini, bingwa kamili. Mimi ndiye katibu wake. Naitwa Aflah."

"Mbona karani haijui kamati hiyo?"

"Angeijua, Daktari, si angeshawatia ndugu zake wote?"

Hoja hiyo, mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karani ataikubali. Thabit akaikubali. Ada ilikuwa dhahabu, kwa sababu, alivyoeleza katibu kwa masikitiko, noti mpya kamati bado haijazizoea.

Thabit hana dhahabu. Mkewe, Kheiria, alikuwa na bangili nne, alizozitoa Unguja zimeshonewa ndani ya mto wa mtoto.

"Nimezilalia bahari nzima," alisema Kheiria. "Leo nimpe mtu hata hatumjui mtoto wa nani?"

"Miaka sita nimekaa Dubai nauza dawa ya kikohozi, Kheiria. Nnataka jina langu."

Alisema kwa sauti ya chini mno, na Kheiria akashindwa kumkatalia. Akalia kidogo, kisha akaziweka bangili juu ya meza, na yeye akenda kukaa nyuma ya pazia asizione zikiondoka.

Sleyum akaja Mutrah, nyumbani kwa Thabit, na cheti. Kizuri, wallahi, muhuri wake mwenyewe kauchonga katika soli ya kiatu. Akapeleka mkono kwenye bangili.

"Ngoja," alisema Thabit. "Hujanitahini."

"Njia ya Pili haina mtihani, Daktari."

"Basi cheti chenu sikitaki. Nikitundika ukutani jambo nisilopimwa, mimi n'takuwa mwizi."

Jamani! Sleyum alishakimbizwa na polisi wa bandari tatu, lakini hajapata kuzuiliwa na kitu kama hiki. Na jioni ile ile anatakiwa awe ndani ya lori la kwenda Dubai.

"Haya, nitibu mimi," alisema, mkono umefika nusu ya meza. "Jaalia mimi mgonjwa. Dakika tano."

Kosa lake ndilo hilo.

Thabit akafungua faili jipya, akachonga penseli. "Mtoto wa nani?"

Hayo kila mtu wa Unguja huuliza kabla hata ya kukukaribisha kiti, na Sleyum alikuwa na majibu yake tayari. Akataja baba, babu, na mtaa wa Malindi.

"Mlielekeana na nyumba gani?"

Akataja.

"Ile ilikuwa ghala ya karafuu," alisema Thabit bila ya kuinua kichwa. "Endelea. Unalala vizuri?"

Wapi! Dakika tano zikafika magharibi. Lori likaondoka. "Njoo kesho," alisema daktari, na Sleyum akaja kesho, kwa ajili ya bangili, alijiambia. Siku ya tatu akaja mapema na hata kuzitazama hakuzitazama. Maisha yake yote watu walimsikiliza huku wameshika mifuko. Huyu mzee amesikiliza tu.

"Januari ile ya mapinduzi," alisema Sleyum, "mama alinipa dhahabu yake yote nikakate tiketi mbili za meli. Nilikata moja."

Penseli ikasimama. "Mama yako nani?"

"Nasriya binti Marhoon."

Nyuma ya pazia kikombe kilivunjika. Kheiria akatoka, akajitupia buibui, akapita mlangoni mbio.

Sleyum alilia mpaka akachoka. "Daktari, kamati haipo."

"Nilijua jana. Muhuri wako una alama za msumari."

"Mbona hukunifukuza?"

"Mgonjwa nshamwanza. Hamwachwi katikati."

Sleyum akazifunga bangili katika kitambaa, akazisukuma upande wa daktari. Akainuka aondoke. Mlango ulikuwa umejaa.

Kheiria alikuwa amerudi na jirani yao wa nyuma ya msikiti, aliyekuja kutoka Mombasa miezi miwili iliyopita, na ambaye mtaa mzima ulishampa pole ya mwanawe aliyeuliwa akienda kukata tiketi. Bi Nasriya alimtazama kijana wake tangu miguuni.

"Kila Januari nakusomea khitma," alisema. "Kila Januari nachinja. Mbuzi sita, Sleyum! Mbuzi sita, na wewe mzima!"

"Mama, n'samehe."

Akavua kiatu. Akampiga kimoja, akampiga cha pili. Cha tatu mkono ukakataa, akakaa chini pale pale sakafuni, akamkumbatia kichwa, akilia kwa sauti.

Thabit akaandika ukurasa wa mwisho: "Ametolewa. Amekabidhiwa mama yake."

Asubuhi yake akalichukua faili, akalipeleka ofisini, akalitua mbele ya mkubwa wa yule karani, daktari mgeni aliyekuja na mkalimani. Likasomwa saa mbili nzima. Mkuu akavua miwani, akafuta macho, akasema ameona wenye vyeti vya Londoni wasioweza kazi hii, na kwamba atamwandika bingwa, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Lakini fomu ilikuwa na kisanduku kimoja kitupu.

"Nani alikutahini?"

"Mgonjwa mwenyewe," alisema Thabit.