Marumaru kwa Ajili ya Mkuu wa Jimbo

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kaisho.

Tangazo la jana kanisani limenitoa usingizini. Jumapili ijayo Mkuu wa Jimbo anakuja kubariki bati jipya la kanisa letu. Baada ya ibada atakula chakula cha mchana kwa msharika mmoja. Mmoja tu! Yamebaki majina mawili: sisi, au Gosbert. Ijumaa Mama Edith, mzee wa kanisa, atapita hapa kwetu.

Mke wangu Celestina amewapikia wageni wa usharika miaka kumi na tano, kila mara kwenye jiko la mtu mwingine. Hajawahi kumkaribisha mgeni mkubwa mlangoni kwake. Leo ameosha sufuria huku akiimba. Hili lazima lifanikiwe.

Tatizo ni Gosbert, rafiki yangu tangu darasa la kwanza na adui yangu tangu la pili. Jioni amepita, eti anasalimia tu. Akaitazama sebule yetu, sakafu ya saruji nyekundu ambayo Celestina huisugua nta na mafuta ya taa kila Jumamosi mpaka unauona uso wako. Akasema anamwomba Mungu, Mkuu wa Jimbo asije akateleza. Kwake kuna marumaru tangu Krismasi. Huyataja hata akiulizwa habari za ng'ombe.

Basi, Ijumaa Mama Edith atakuta marumaru hapa. Nimeamua.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwita Nshimiyimana, fundi anayesifiwa Kyerwa nzima. Sijui wanamsifia nini. Amepiga magoti sebuleni, akadondosha tone la maji sakafuni. Likaviringika kama ushanga. Akatikisa kichwa. Anasema sakafu inayokataa maji itakataa na saruji, kwa sababu ya nta. Kwamba inatakiwa kusuguliwa nta yote itoke, halafu igongwe kwa nyundo na tindo mpaka ijae makovu, vigae vipate pa kushika. Kisha bonde la pale mlangoni, sakafu ilipotitia, lijazwe mchanga na saruji, likauke, lipimwe kwa pimamaji. Kisha vigae vya sakafuni, kwa gundi yake. Kisha tusikanyage. Wiki nzima!

Akaongeza kwamba sakafu hii ni nzuri, angekuwa yeye angeiacha. Celestina akaitikia haraka sana.

Nimemweleza fundi kwa upole kwamba mtu haparuzi kitu kilichokwisha kulainishwa. Sakafu laini ni nusu ya kazi, imefanywa bure na mke wangu kwa miaka kumi na miwili. Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi njiani. Nitafanya mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi nilimtazama fundi wa Gosbert siku nzima kupitia uwazi wa ua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda hadi Murongo. Nimepata vigae! Vyeupe, vina maua madogo ya buluu, vinang'aa mpaka macho yanauma. Muuzaji, mtu mwenye wasiwasi mwingi, akaniambia mara tatu kwamba hivyo ni vya ukutani, vya bafu, vyembamba, havibebi miguu ya watu. Nikamjibu kigae hakijui kama kimesimama au kimelala. Akanifungia maboksi.

Nimerudi kwa bodaboda na boksi mapajani, mengine yamefungwa nyuma. Kila shimo la barabara nimelisikia mara mbili, mara moja kwangu na mara moja kwenye boksi. Vimevunjika tisa. Si vingi.

Gundi sikununua. Saruji ni saruji. Na lile bonde la mlangoni nimelijaza kwa akili yangu: makapi ya kahawa yamelala bure nyuma ya nyumba, nimeyachanganya na saruji kidogo. Fundi gani angewaza hivyo?

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemaliza! Sebule nzima, peke yangu, kuanzia alfajiri mpaka saa kumi. Magoti yamekufa, lakini ni sebule gani hii! Ni kama kusimama ndani ya sahani.

Celestina amerudi kutoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Akasimama mlangoni. Hakuutua mkungu.

"Baba Joviana," akasema, "sakafu yangu iko wapi?"

Nikamwambia iko chini, salama, imefunikwa tu. Akaenda jikoni. Leo ameosha sufuria kimya. Nimejisikia vibaya, sikatai. Lakini Ijumaa itasema.

Ijumaa, 12 Septemba

Ijumaa imesema.

Mama Edith amefika saa nne na fimbo yake. Nikampa shikamoo mbili, moja ya ziada. Akaingia. Fimbo ikagonga kigae cha kwanza: ko! Kigae cha pili: ko! Ikasikika kama anabisha hodi kwenye mtungi mtupu. Akaniangalia. Nikamwambia ndiyo sauti ya marumaru ya kisasa.

Kisha akapiga hatua ya tatu, na kigae kikaondoka naye. Naapa. Kilitoka mlangoni kikampeleka mama wa watu, wima, fimbo juu, mpaka kwenye kiti, akakaa. Akasema amesafiri kwa miguu, kwa baiskeli na kwa lori la kahawa, lakini hii ni mara ya kwanza kusafiri kwa sakafu.

Nikaomba radhi. Nikamsihi asitunyime mgeni kwa ajili ya kigae kimoja.

"Mwanangu, nani aliulizia sakafu?" akasema. "Wazee waliamua juzi kwamba Mkuu atakula hapa. Nimekuja kumwuliza Celestina kama ana sufuria za kutosha."

Waliamua juzi! Kwa sababu ya mkono wa Celestina! Nimefurahi, halafu nikaitazama sebule, furaha ikaisha. Mama Edith naye ameitazama. Amesema hawezi kumwingiza Mkuu wa Jimbo mahali panapotembea. Kama hapajatulia mpaka kesho jioni, chakula kitahamia kwa Gosbert, na Celestina atapikia huko. Kwenye jiko la mtu mwingine.

Jumamosi, 13 Septemba

Usiku mvua iliingia kwa chini ya mlango. Makapi ya kahawa yamenywa maji, yamevimba. Mlangoni pamekuwa na kichuguu. Sebule nzima inanuka kahawa, harufu nzuri kwa kweli, lakini mlango haufunguki zaidi ya nusu.

Nimemrudia Nshimiyimana, nimemlamba miguu. Amekuja. Hakutoa hata chombo mfukoni. Aliinua vigae kwa vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayefunua vifuniko vya sufuria. Nyuma ya kila kigae nta inang'aa. Kichuguu amekivunja, akashindilia udongo. Chini pamebaki mabaka ya saruji, nyekundu hapa, kijivu pale. Kutengeneza kwa siku moja, alisema, hakuwezekani.

Celestina alikaa kizingitini. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kanga. Kwa miaka kumi na tano sijawahi kumwona hivyo, na sababu ni mimi. Nikataka kusema kitu cha maana, nikasema saruji itakauka. Akainuka, akachukua mundu, akaenda mlimani pamoja na kina mama wa kwaya. Nikadhani anakwenda kumkatia ndama majani.

Jumapili, 14 Septemba

Nyasi! Nyasi mbichi, nene, zimetandikwa sebule nzima kama katika nyumba za bibi zetu, zimelazwa upande mmoja, na mikeka juu yake. Hakuna baka linaloonekana. Nyumba inanuka mlima. Jana jioni Mama Edith alizigonga kwa fimbo yake, zikatulia, akakubali.

Mkuu wa Jimbo alifika mlangoni na msafara wake. Akasimama. Akavua viatu mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kumwambia.

"Sijakanyaga nyasi ndani ya nyumba tangu bibi yangu afariki," akasema. "Nani mama wa nyumba hii?"

Celestina akajitokeza mlangoni kwake. Mlangoni kwake! Mkuu akamshika mikono yote miwili. Akala ndizi na maharage mara tatu, akaomba na za kubeba. Mimi nilitokwa na machozi. Nilisema ni moshi.

Gosbert akaniuliza kwa kunong'ona nani aliwaza jambo hili. Nikamwambia marumaru tuliyang'oa makusudi, yamepitwa na wakati.

Jumanne, 16 Septemba

Habari njema zimefuatana. Gosbert ametandika nyasi juu ya marumaru yake. Zimeteleza naye mpaka kabatini. Anatembea kwa kuegemea ukuta.

Celestina amemwita Nshimiyimana bila kuniuliza, amrudishie sakafu yake. Anagonga sebule tangu asubuhi, makovu kila mahali, kelele tupu. Wamenikataza kuingia.

Kwa hiyo nimekaa barazani na maboksi yangu. Vimebaki vigae vingi vizima. Baraza hili nalo ni la saruji nyekundu, na jana Celestina, kwa furaha aliyonayo, alilisugua nta mara mbili. Nimelikagua kitaalamu. Nimedondosha tone la maji.

Limeviringika vizuri kabisa. Dalili njema! Kesho atakapokwenda shambani naanza.