Viti vya Baba Saidi na Bourse Yangu

Ndugu zangu mliobaki bwenini, leo nimeaibika. Nimeaibika nikiwa na nguo za Jumapili mwilini, saa nne asubuhi, mtaa wetu mzima, huu unaoitwa Kenya, ukiangalia.

Habari yangu mnaijua. Chuo kikuu kimenipokea, kilichobaki ni nani atanilipia. Nilianza misioni. Padri akasema msaada upo, tena mkubwa, ila ni kwa wanaokwenda seminari. (Mnanijua. Hata yeye alicheka.) Nikaenda reli, anakofanya kazi Baba. Wakasema wanasaidia watoto wa wafanyakazi wanaosomea mashine, na mimi nimeandikwa kwenye ualimu. Ikabaki bourse, ule msaada wa masomo wa Serikali. Nikajaza karatasi mpaka kidole kikaota sugu. Mwisho wakajibu: madamu mmoja wa Kizungu wa ofisi yao atakuja nyumbani kuangalia hali ya familia.

Hapo ndipo Mama aliposhika hatamu.

Miaka miwili iliyopita Baba aliomba ile kadi wanayopewa Waafrika walioonekana wamestaarabika. Wazungu wakaja kumkagua bila taarifa, wakamkuta chini kwenye mkeka, anakula bukari, ugali wetu, kwa mkono. Kadi ikaishia hapo. Tangu siku ile Mama ana neno moja tu:

"Muzungu akiingia mu nyumba, anaangalia kwanza kiti. Kiti kama haiko, hata akili yako hawezi kuiona."

Basi leo alfajiri akawazungukia majirani. Baba Saidi, fundi cherehani wetu, mtu wa Maniema, akatoa viti vyake vinne vya mito. Mama Fransiska wa nyumba ya pili akatoa redio, pazia, na visu na uma za harusi yake. Mikeka yetu na sufuria nyeusi tukazificha nyuma ya choo. Na nani alibeba redio? Mimi. Nani alitundika pazia? Mimi. (Msomi!) Nilikuwa nimechoshwa na maofisi, nikaona afadhali mtu mwingine afikiri kidogo badala yangu.

Madamu akafika na daftari lake. Mwanamke wa adabu, anasema Kiswahili. Akaketi, akaangalia, akaandika.

"Mama, hii redio iko yenu?"

"Yetu, madamu! Inasema Kifaransa siku nzima."

"Na nyama, munakula?"

"Kila siku!"

Kila siku! Nyama ya mwisho tuliiona Pasaka, na ilikuwa shingo.

"Na hivi viti?"

"Biko ine, madamu. Andika ine."

Kila kalamu ilipogusa karatasi Mama alinitupia jicho la furaha, nami nikamrudishia tabasamu. Mungu anisamehe. Mpaka madamu alipofunga daftari na kunipa mkono.

"Pongezi. Nyumba muzuri sana. Basi bourse tutapatia familia yenye iko na shida."

Nikaushika mkono wake nisiuachie.

"Madamu, ngoja! Sisi ndio tuko na shida! Hivi vyote ni vya kuazima!"

"We mutoto, unatuaibisha!" Mama akanibana kiwiko.

Madamu akatabasamu kwa uchovu. Nadhani neno hilo amelisikia nyumba nyingi wiki hii. "Kama ni vya kuazima, wenyewe wako wapi?"

Nikatoka mbio. Nikasimama katikati ya barabara na tai yangu shingoni, nikapaza sauti:

"Baba Saidi! Kuya ukamate viti vyako! Mama Fransiska! Redio yako!"

Milango yote ikafunguka. Baba Saidi akaja na futi yake ya kupimia nguo mkononi. Akamwona madamu amesimama kizingitini. Akanitazama mimi, jasho linanitoka, akaamua kwamba woga umenishinda na kwamba ni kazi yake kuniokoa. Mzee wa watu akajinyoosha.

"Viti? Viti gani? Miye kwangu ninaikalaka chini, madamu. Hii viti iko ya hawa bantu, miaka na miaka."

"Baba Saidi, sema kweli!"

"Minasema kweli, mwanangu." Na akanikonyeza!

Mama Fransiska alizidi. Eti redio huja kuisikiliza kwetu kila jioni, na asipokuwa na mboga Mama humgawia nyama. Nikapiga magoti, ndugu zangu. Kwenye vumbi, na suruali ya Jumapili, ninaapa mbele ya umati kwamba sisi ni maskini, na umati unanikatalia kwa sauti moja! Nikamsihi madamu twende nyuma ya choo akaone mikeka. Akatazama choo. Akatazama viatu vyake. Akaandika mstari mmoja, nami nikausoma kichwa chini miguu juu: mwombaji anaikana mali ya wazazi wake.

Alipoondoka, nilipongezwa. Baba Saidi alinipiga begani, kiti kimoja tayari kichwani pake: "Kidogo tu ungeharibu, mutoto. Bahati yako tulikuwako." Ningemkasirikia vipi? Mzee amejivua viti vyake mbele ya Serikali kwa ajili yangu.

Mama nilimweleza polepole, mara mbili. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya kinu.

"Kadi ya baba yako tulikosa juu hatukukuwa na kiti. Leo tunakosa juu kiti iko. Sasa bantu bakae namna gani?"

Masomo yanaanza baada ya wiki mbili, na sina pa kwenda kuomba tena. Nimechoka, jamani. Nimechoka mpaka aibu yenyewe naiona kazi.

Kwa hiyo msinicheke. Ila mkisikia mahali kuna bourse ya matajiri wasio na kiti, niandikieni upesi. Barua nitaisoma nimesimama.